Vita vya Sufuria la Mahfoudha

Njooni, enyi wana wa Bofu, nanyi wa Magongo piteni Dongo Kundu mje. Acheni chai ipoe, msikie vita ambavyo wafalme wa kale wasingevithubutu: vita vya kulisaka sufuria ndani ya kompyuta.

Sufuria ni la mke wangu Mahfoudha, Mungu amrehemu, aliyelitoa kwa chama cha mtaa liazimwe kwenye arusi na matanga. Siku ya vita hivyo, ilibaki kesho tu tumsomee hitima yake, nami nimeapa pilau haitapikwa katika chombo kingine. Naingia bohari ya chama: silioni!

Basi nikaivamia ofisi, bakora mkononi. Juu ya kiti cha plastiki ameketi Mwenyekiti Ghanim, Simba wa Mikutano, Bingwa wa Kuahirisha.

"Mzee mwenzangu," akanguruma, "kompyuta yaonyesha shughuli zilizoazima, haionyeshi vyombo. Ngoja kikao."

"Wallahi, Ghanim, hitima haingoji kikao! Sufuria limewashinda, mtaa mtauweza?"

Ndipo akasogeza kiti Lavender, karani wa kutoka bara, Mwenye Vidole Visivyotetema.

"Mzee, tulia. Vyombo viko, ni vile vimekaa jedwali lao kando. Wacha niambie haya majibu ya shughuli yaje navyo."

Akazama matumboni mwa mashine, akalifunga jedwali la vyombo na majibu yale kwa namba ya shughuli, kama mbuzi wawili kamba moja. Na tazama! Mbele ya kila mstari pakachomoza alama ya kujumlisha, ndogo kama chawa.

Ghanim akakohoa. "Zima kwanza, umeme ghali."

"Bonyeza, mwanangu!" nikaamuru mimi.

Akabonyeza arusi ya kwanza. Mstari ukafunguka kama sinia lililofunuliwa kawa, chini yake mikeka na mabirika. Ya pili, sahani. Ya tatu, peupe: sufuria kubwa la Mahfoudha, halijarudi. Na arusi yenyewe? Ya binti Ghanim!

"Ai, Mwenyekiti," akasema Lavender, "si hii ni yako?"

Simba akawa paka. "Nilikuwa nalileta, inshallah."

"Inshallah ya tangu mwezi wa Mfungo Tano!" nikamrukia.

Nikalitoa uani kwake mwenyewe, nikalivaa kichwani kama taji, nikapita Bofu nzima watoto wakilipiga kwa vijiti. Ndani mlikuwa na ukoko wa pilau yao. Nikakaa nikalisugua kwa mchanga hadi mikono ikawaka, maana marehemu, maisha yake yote, hakurudisha chombo cha mtu kina ukoko.

Na iandikwe, isomwe na wajukuu: siku hiyo enzi ya Ghanim iliangushwa na alama ndogo kama chawa, na kesho yake Mahfoudha akasomewa hitima, na pilau ikaivia sufuriani mwake.