Vita vya Fundi Saa na Chungu cha Mama Mkwe

Sogeeni, enyi wenye masikio na wenye majiko! Aliyeshika kisu akiweke, amenyaye kitunguu afute machozi, msikie habari za Fundi Saa, shujaa mwenye subira ya mwaka mzima mbele ya saa mbovu, na isiyotimia dakika moja mbele ya chakula.

Mama mkwe wake, mfinyanzi mashuhuri, alimpa bintiye vyungu viwili vizito, vilivyochomwa tanurini hata vikawa kama jiwe. Cha kwanza Fundi Saa alikitoa kwenye friji akakipandisha papo hapo juu ya gesi iliyowaka kwa ghadhabu. Ta! Mchuzi ukatorokea sakafuni, na ukoo mzima ukamwita Bwana Nyufa. Mfinyanzi akatoa hukumu: "Kikipasuka na cha pili, usiniite mama. Tutabaki shikamoo na marahaba."

Jumapili ikawadia, na Mama anakuja kula mchana. Shujaa akakitoa chungu cha maharagwe kwenye friji, akakiweka mezani, akakilinda mpaka ubaridi ukakitoka mwilini. Ndipo akakiingiza katika oveni isiyowashwa bado, akawasha moto mdogo, akaupandisha polepole, kama anayemwamsha mkubwa wake.

Saa sita kasoro robo umeme ukakatika.

"Kiweke kwenye gesi, Mama yuko hapo kwenye kona!" mkewe akapaza sauti kutoka bafuni.

Mkono ukamwasha shujaa. Lakini akasimama wima, akalihutubia jiko: "Ewe mwali wa buluu, uliyenivunjia heshima mbele ya mashemeji! Chungu hiki hukigusi. Chukua sufuria, ndiyo saizi yako!"

Akayateka maharagwe upawa kwa upawa, akayachemsha sufuriani, na chungu kikangoja ovenini na joto lake. Kisha akayarudisha humo yakitokota.

"Kitue basi hapo kwenye sinki," akasema mkewe, taulo kichwani.

"Penye maji baridi? Kamwe!" akanguruma shujaa, akakitua juu ya ubao mkavu.

Mama akaingia, akaketi, akala. Fundi Saa hakuonja hata punje, macho yote yako kwenye chungu. Chungu kilipobaki kitupu, mfinyanzi akakunja kidole ili akigonge ubavuni, kwani chungu chenye ufa hukohoa, na kizima huimba.

Ngiiiii! Kikaimba.

"Kizima," akasema Mama. "Ila siku nyingine utie chumvi, mwanangu."

Andikeni, enyi waandishi wa tarehe, kwa wino usiofutika! Mchana ule, mbele ya mashahidi wawili na maharagwe yasiyo na chumvi, Bwana Nyufa alikufa asizikwe. Aliyeinuka kwenda kuosha chungu, kwa maji ya uvuguvugu na baada ya kukiacha kipoe, alikuwa mtoto wa nyumba ile.