Fomu Inayosema Nyumba Yangu Haina Lugha

Ndugu Mkuu wa Ofisi ya Takwimu,

Salamu nakuletea, ingawa si kwa moyo mweupe. Mimi ni fundi cherehani, baba wa watoto watatu. Juzi karani wako wa sensa aliketi sebuleni kwangu nusu saa nzima, kisha penye "Lugha inayozungumzwa nyumbani" akaandika: "Hakuna." Penye "Kiwango cha Kiingereza" akapiga mstari. Nimeudhika, na sababu ninazo.

1. Tangu mwaka uanze nimepiga marufuku kilugha chetu. Ukivuka kizingiti, ni Kiingereza tu. Niliwahi kukosa kazi nzuri kwa kushindwa kujibu maswali mawili. Wanangu hawatapita humo. Hayo nilimweleza karani nje ya mlango, maana ndani nisingeyamaliza.

2. Alichokiona kuwa ukimya ni maandalizi. Mke wangu anajua salamu ya asubuhi, na huitoa asubuhi. Karani alikuja saa tisa alasiri, alitaka asalimiwe nini?

3. Watoto wanajua kuomba ruhusa ya kwenda msalani. Waliomba wote watatu, kwa ufasaha, wakatoka, wasirudi. Hawakupewa hata alama moja.

4. Mama yangu kaandikwa "bubu". Bubu! Ni kweli jino lilimuuma siku nne akituonyesha shavu, nasi tukamletea kioo, kisha kitana, kisha fundi redio. Huo ni upungufu wa msamiati, si wa sauti. Kwa daktari wa meno alisimulia maisha yake yote kwa kilugha, hata daktari akakosa nafasi ya kuingiza koleo.

5. Na hili ndilo linaloninyima raha: mama amefunga begi. Jumamosi anahamia kwa dada yangu, ambako, kwa kauli yake akiwa uani, nje ya mamlaka yangu, "watu wanaongea, hawatazamani kama kuku wageni." Mama akiondoka, nyumba hii itanipwaya. Naamini akiona fomu ya serikali imeandikwa "Kiingereza: vizuri sana", atajua taabu yake haikwenda bure, naye atabaki.

Kwa hiyo naomba fomu irekebishwe kabla ya Jumamosi. Wasalimie makarani wote, hata huyo mmoja, pamoja na familia yako, kwa lugha yoyote mliyoruhusiana.

Wako anayesubiri kuhesabiwa upya,
Fundi Cherehani

N.B. Mama hakuingoja Jumamosi. Nilipokuwa nabandika stempu, alitoka na begi lake. Nilimkimbilia hadi getini, nikatafuta Kiingereza cha kumzuia, nisikipate. Ikanitoka kwa kilugha: mama, usiniache. Ameweka begi chini, na ameanza kunisema kuanzia Januari. Sasa yuko Machi, na mke wangu anamkumbusha anayoyasahau. Tafadhali mrudishe karani leo hii, aje aandike lugha yetu. Penye Kiingereza aandike apendavyo. Akibisha hodi asiposikia jibu, aingie tu. Kelele ni nyingi.