Nilivyompeleka Mama wa Kwale Ufukweni, Isiolo

Jamani, leo nimeaibika mpaka visigino. Naandika nikiwa nimejifungia chumbani hapa Kiwanjani. Simu ya pili nimeilaza kifudifudi, maana haiachi kulia.

Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu.

Kuna kundi la wakimbiaji niliingizwa mwaka jana. Watu wa kila pembe ya Kenya. Kazi yao ni moja: unakimbia mahali pazuri, unapiga picha, unawaringia wenzako. Watu wa Pwani walikuwa wanatumaliza! Leo mchanga mweupe na bahari, kesho kijia katikati ya msitu, majani bado yana umande, mtu anatabasamu kama ambaye hajakimbia. Mimi wa Isiolo niweke nini? Vumbi? Nilinyamaza miezi miwili. Halafu wivu ukanishinda.

Siku moja Guyo alikuwa ananipeleka kazini (Guyo ni mtu wangu wa boda) tukapitia laga moja nje ya Chechelesi. Laga ni mto wetu wa huku, ule unaokuwa mto siku za mvua tu. Mchanga ulikuwa safi, umelala vizuri, na mikoma imejipanga kando. Ukiangalia haraka, mikoma ni kama minazi. Nikamwambia Guyo asimame. Nikapiga picha, mbuzi nikawakata wote wasionekane pichani. Nikaandika: "Kilomita kumi za asubuhi, ufukweni Isiolo."

(Nilikuwa nimeketi kwa pikipiki. Nilikuwa natafuna mandazi.)

Kundi likawaka moto! Kumbe Isiolo kuna ufukwe! Nikanogewa. Kila wiki picha mpya. Vichaka vya kando nikaviita msitu. Mwishowe wakakubaliana: mwezi ujao watu thelathini wanakuja kukimbia njia ya Kagendo.

Kagendo ni mimi. Mtu ambaye akipanda ngazi za ofisi hukaa kwanza, ndiyo asalimie.

Sasa leo, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ujumbe ukaingia. Ulikuwa wa Mama Mwanaisha wa Kwale, nesi mstaafu, bibi wa wajukuu wanne, na ndiye mwenye mbio kuliko sisi sote kwenye kundi. "Mwanangu, niko Isiolo kwa semina. Wenzetu wamenituma niikague njia. Nimeshavaa viatu, niko hapa getini kwa hoteli."

Nikamwandikia kwamba ndovu wameonekana huko.

Akajibu: "Hata kwetu Shimba Hills wapo. Tunawapisha."

Nikasema goti linauma.

"Nimebeba dawa ya kuchua."

Nikampigia Guyo, nikamweleza kila kitu kwa kunong'ona, ingawa naishi peke yangu. "Madam," Guyo akasema, "kwa hivyo hizo picha zote ulikuwa unadanganya watu?" Nikamwambia hayo tutayaongea baadaye. Kwa sasa atupeleke mpaka laga, halafu asiende mbali.

Mama Mwanaisha alikuwa mwembamba, mrefu, kilemba kimefungwa barabara, soksi mpaka magotini. Alinikumbatia. "Salaam aleikum, bingwa!" Nikaitika huku jasho likinitoka. Na hatujakimbia hata hatua.

Tulipofika laga, alisimama ukingoni akaangalia kushoto. Akaangalia kulia. Mbuzi walikuwa wamejaa. Chini kabisa kulikuwa na ngamia wawili, na kina mama wanachota maji kwenye visima vilivyochimbwa mchangani.

"Kagendo," akasema taratibu, "hii minazi yenu mbona ina matawi?"

"Ni ya bara, mama."

"Haya. Na bahari iko wapi?"

Sijui nini kilinipata. Nikatoa neno nililojifunza kutoka kwa watu wake mwenyewe kwenye kundi, la bahari inaporudi nyuma. "Maji yamekupwa," nikasema.

"Yamekupwa tangu lini?"

Mama mmoja Mturkana aliyekuwa amejitwika mtungi akanijibia bila kugeuka. "Hapa maji ilikauka mwezi ya tano."

Ndipo nikaona Mama Mwanaisha ana simu mkononi, tayari inarekodi. "Wacha niwachukulie wenzetu video ya njia yote," akasema. "Twende."

Tukaanza! Mimi nikawasha ile programu ya kuhesabu kilomita, ili nionekane mzoefu. Mchanga ulikuwa unanimeza mpaka kwenye vifundo. Hatua hamsini za kwanza nilizimudu kwa woga. Mia moja, nikaanza kuona nyota. Nikasimama nikanyoosha kidole kwenye kichuguu. "Angalia hapo, mama. Mandhari." Akaangalia. Tukaenda kidogo, nikasimama tena. "Na hapo." Mara ya nne akaniuliza kama nimekuja kukimbia au kuonyesha shamba.

Kilomita moja nilimaliza, sijui vipi. Moyo ulikuwa unapiga masikioni. Nikafikiria wale watu thelathini, nikafikiria ofisini wakijua, nikafikiria kuzimia tu niyamalize. Nikamwambia, "Mama, wewe tangulia. Mimi nakuchunga kutoka nyuma."

Alipopotea kwenye kona, nikampungia mkono Guyo, aliyekuwa anatufuata kwa mbali.

(Hapa ndipo ningefaa kurudi nyumbani. Hamna mtu aliyenishika mguu.)

Mpango ulikuwa rahisi. Laga inazunguka sana, lakini kuna kijia kinachokata vichakani. Guyo anipeleke mbele, nishuke, nijimwagie maji kidogo usoni, Mama Mwanaisha anikute nanyoosha miguu. Nikapanda. "Guyo, haraka!" Alienda mbio kama amebeba mgonjwa. Miiba ilinichana sketi ya mazoezi, kitambaa cha kichwa kikapeperuka, nikafumba macho.

Niliyafungua tulipoteremka kwenye laga tena. Gurudumu la mbele likaingia mchangani, la nyuma likazunguka bure, pikipiki ikakwama. Ilikwama wapi? Kando ya kisima kingine, katikati ya kina mama kumi hivi na madumu yao. Nikiwa bado nimemkumbatia Guyo kiunoni kwa nguvu zote, Mama Mwanaisha akatokea kwenye kona, simu mkononi, inarekodi.

Hata mbuzi walinyamaza, naapa.

Ndipo simu yangu ikaongea kutoka mfukoni. Yule mwanamke wa ndani ya simu alitangaza kwa Kizungu, sauti ya juu kabisa, kwamba nimemaliza kilomita ya pili kwa dakika moja na sekunde arobaini. Kisha akanipongeza.

Mama Mwanaisha akasogeza simu yake karibu na uso wangu. "Mwanangu," akasema, "hiyo ni rekodi ya dunia."

Guyo alicheka mpaka akaachilia usukani, tukaanguka sote upande. Kina mama waliweka madumu chini ili wacheke vizuri. Mmoja akanipa maji kwenye kikombe, akarudi kucheka.

Nikiwa pale chini nilikiri yote. Picha, mbuzi niliowakata, mandazi. Nililia kidogo. Mama Mwanaisha aliketi mchangani kando yangu, akanipangusa vumbi usoni kwa ncha ya kilemba chake.

"Mchanga huu ni mzuri," akasema. "Unajenga miguu kuliko wetu. Na mimi hii minazi ya matawi nimeipenda. Wenzetu wanakuja."

Nikamshukuru Mungu. Nikamwambia basi nitawapikia, nitawapangia pa kulala, nitashika chupa za maji.

"Hapana. Wewe ndiye utakayetangulia mbele."

Nikamwomba angalau afute ile video. Akaangalia simu yake, akaniangalia mimi. Kumbe ilikuwa inakwenda moja kwa moja kwenye kundi tangu mwanzo, tangu "maji yamekupwa".

Amenipangia mazoezi ya wiki nne. Guyo naye ameapishwa asinibebe hata nikilia. Naanza kesho alfajiri. Kwa hivyo ukipita Kiwanjani ukanikuta nimeshikilia nguzo ya umeme, tafadhali usicheke. Niulize tu kama nahitaji kiti.