Ombi la Kuongezewa Miezi Mpaka Vidole Zimee

Kwa Mkubwa wa Malipo,
Kiwanda cha Mbao, Kawangware.

Mkubwa wangu, pokea salamu. Natumai mikono yako yote miwili iko sawa.

Mimi ni Dalmas Opondo wa kijiji cha Raila, Kibera, yule kijana mnyamavu mwenye mashine ya randa ilimkata vidole tatu mwezi wa tatu. Ofisi yako ilisema nimeumia nusu, nilipwe nusu mshahara miezi sita. Zinaisha Ijumaa. Hiyo nusu ndio inaweka dada yangu Christine shule, kwa hivyo naomba muongeze. Mimi niliachia darasa la tano, nimeweka namba ndio maneno zisinipotee.

1. Hizo miezi sita nilikubali juu nyinyi mmesoma, mnajua vidole humea kwa muda gani. Kila asubuhi nafungua kitambaa nachungulia. Mkubwa, hata kucha haijatokea. Sikulaumu, labda zangu ndio wavivu.

2. Mlituma Bwana Gathogo wa bima aje aone kama nimepona. Mimi huona haya watu wakiangalia huu mkono, kwa hivyo ulikuwa mfukoni. Akanisalimia, niaje. Nikajibu fiti, vile kila mtu hujibu. Akaandika kwa fomu: mgonjwa mwenyewe anasema yuko fiti. Nilimwona akiandika, lakini mtu amevaa tai utamkatiza aje? Chai alimaliza.

3. Mlisema aliyeumia nusu atafute kazi ya nusu. Nimetafuta. Soko ya Toi, Mama Filister alinipatia belo la mitumba nifunge. Hilo belo halijui habari ya nusu, lilifunguka lote kwa matope. Huko mtaa wa Silanga, wauza makaa wanataka mtu wa kushika gunia pande zote mbili. Kama hapo ofisini kuna kazi ya kufunga kifungo kimoja cha shati, niite, nitakuja mbio.

4. Gari ya Bwana Githinji, mwenye kiwanda, ilikwaruzwa hapo geti. Bima ililipa mpaka ikarudi kama mpya, na hakuna mtu aliipatia miezi sita. Kwa hivyo, kama kuniongezea ni ngumu, nitoeni kwa kitabu ya watu mniandike kwa kitabu ya magari. Sitasumbua. Nitalala nje.

Nisalimie Bwana Githinji, Madam Wangoi wa risiti, na wote wa kupasua mbao. Hata mashine nisalimie.

Ni mimi mwenye heshima, kwa mkono wa kushoto,
Dalmas Opondo

Nyongeza: Mkubwa, hiyo yote niliandika wacha tu. Foreman amenipigia sasa hivi. Billy, mwenye alichukua nafasi yangu, mashine imemkata nne, na kazi iko wazi. Foreman anasema mtu ameshakatwa huwa mwangalifu. Nilitaka kukataa, lakini Christine alikuwa hapo anasikiza. Narudi Jumatatu. Hizo miezi mpatie Billy.