Kumwosha Mgombea

Jumatatu, 8 Januari
Ijumaa mwanangu Yajaira anafanya mtihani wa kuongoza watalii! Atawatembeza watahini barabara ya ufukweni, mji wetu mzima wa Puerto Villamil ukimtazama. Akishindwa, anarudi kuosha sahani kwa shangazi yake mpaka mwakani. Hashindwi. Akili ile kaitoa kwangu, ingawa mimi niliishia darasa la sita, na la sita lenyewe nililirudia.

Kaniomba kitu kimoja tu: Ijumaa nikae ndani. Hajasahau mahafali yake, nilivyopanda jukwaani kumsahihisha mwalimu mkuu alipokosea jina lake. Nimeona haya. Nimeapa.

Taabu ni Narcisa wa jirani. Iguana wote wa mtaa, wale mijusi wakubwa wa baharini, hujianika kwenye sakafu yake nyeusi ya nje, na watahini watasimama pale. Leo kaniambia juu ya ukuta: shoga, kwako hata mjusi hapiti, sembuse mchumba wa binti yako! Jibu nimelipata sasa, yeye keshaingia kwake.

Jumanne, 9 Januari
Nimewaza. Iguana akitoka kula mwani baharini anakuwa baridi kama samaki wa barafu. Anafuata joto, hafuati uzuri wa mwenye nyumba. Basi nimeshusha bati la banda la kuku, nimelipaka rangi nyeusi, nimelilaza mbele ya mlango wangu.

Kufika adhuhuri wamehama! Wamelaliana kama rundo la nguo chafu. Dume moja kubwa, jekundu kwa msimu wa kutafuta wake, limekaa katikati, linamtikisia kichwa kila apitaye kama linaomba kura. Nimemwita Mgombea. Narcisa kafunga dirisha kwa kishindo. Utamu ulioje!

Kuku wamelowa mvua. Yajaira kauliza bati limefikaje pale. Nikasema upepo. Akanitazama sana.

Alhamisi, 11 Januari
Mgombea ana kichwa cheupe kama aliyemwagiwa unga. Watahini wakute mjusi mchafu mlangoni mwa mtahiniwa? Watasema kalelewa na nani?

Yajaira alipotoka, nikachukua ndoo, kitambaa na sabuni ya ndimu. Sheria naijua, hapa hata mtoto wa chekechea anaijua: mita mbili, usiguse. Nikajiambia hiyo ni ya watalii. Nikasugua. Akanipiga chafya ya maji ya chumvi, puani na machoni. Mwosha huoshwa!

Lakini kichwa kinang'aa kama kiatu cha bwana harusi.

Mezani Yajaira kanusa mikono yangu. Nikasema nilikuwa nafua. Naona haya hata kuandika.

Ijumaa, 12 Januari
Nilikaa ndani. Yaani nyuma ya pazia, na pazia liko mlangoni.

Yajaira alisema kama redio! Jinsi iguana wanavyozama, pua butu inavyowasaidia kukwangua mwani mwambani. Nikamwambia paka, huyo ni wangu.

Wakafika kwangu. Bwana Ulloa, mkubwa wa watahini, akauliza: wenzake wote wana vichwa vyeupe, huyu mkubwa mbona kang'aa? Akainama, akanusa. Na mbona ananukia ndimu? Wilmer, mtoto wa Narcisa, aliyekuwa anangoja zamu yake, alicheka mpaka akakaa chini.

Yajaira akageukia pazia. Akaviona vidole vyangu vya miguu chini yake. Angeweza kusema hajui. Akasema: ule weupe ni chumvi. Wanaimeza pamoja na mwani, wanaitoa puani kwa chafya, inawaangukia kichwani na kukauka. Huyu hana kwa sababu mama yangu kamwosha. Na bati ni lake pia.

Kisha, taratibu: Mama, toka.

Nikatoka. Na kitambaa kilekile mkononi, nilikuwa nafutia machozi! Nilitamani mlima wa moto uliokizaa kisiwa chetu cha Isabela utapike tena unifunike. Hakunifokea. Hilo ndilo lililoniua.

Jumamosi, 13 Januari
Kafaulu! Ulloa kasema aliyeweza kumtaja mama yake hadharani hatashindwa kumkemea mtalii yeyote. (Ujasiri huo kautoa kwangu.) Mimi nimepangiwa somo la wavunja sheria, pamoja na watoto waliomkimbiza ndege mwari gatini. Bati limerudi kwa kuku.

Yajaira kanikumbatia, kasema yamekwisha. Ila Jumatatu ana wageni wake wa kwanza, nikae ndani. Nikalia. Nikaapa tena.

Jumapili, 14 Januari
Somo lilikuwa baada ya misa. Nilikalia kiti cha mtoto, magoti kidevuni, Narcisa akichungulia dirishani. Shoga, umepanda darasa la saba?

Wametufundisha kwamba bahari ikipata joto, mwani hufa, na iguana kwa njaa hufupika, mwili na mifupa. Nimelia mbele ya watoto wale. Nimeshika adabu. Sigusi tena, sioshi tena, sisemi tena upepo.

Lakini jioni nimetia mguu majini. Bahari ya moto! Na Mgombea naona kapungua. Wageni wa kwanza wa mwanangu waonyeshwe mjusi mwenye njaa?

Mita mbili, wamesema. Nimejaribu uani: kabichi ya Mgombea naweza kuirusha hata mita tano.