Kernel Yangu na Machine ya Ramla

Lundi, 9 juin 2025
Leo nimeamua kuacha. Sitagusa tena machine ya bibi yangu wa ndoa Ramla, ile ordinateur ya secrétariat public yake mbele ya nyumba yetu hapa Makiso, pale anachapishia watu karatasi. Njo inatulisha. Alisema wazi: siku nitaigusa tena, machine inahamia Mangobo kwa kaka yake Djuma, na yeye nyuma yake. Bon. Nimeacha.

Kisha Désiré akapita kwa kiosque yangu. Yeye anatengeneza ma-ordinateur ngambo ya avenue. Miye ma-téléphone, lakini kwa siri naandika kernel yangu ndani ya téléphone: ile programme inaamuka ya kwanza ndani ya machine na kugawia wengine nafasi. Akasema mbele ya wateja ati kernel ya papa Alfani, njo miye, inatembea tu ndani ya machine ya kujifanya ya téléphone, sawa mutu anaogelea juu ya kitanda. Wakacheka. Nikajibu: samedi, kwako, juu ya machine ya kweli, utaona.

Machine ya kweli kwetu iko moja tu. Mungu anisamehe.

Mardi 10
Ramla alienda soko kutafuta mbisi, samaki ya kupika. Nikachomeka clé USB yenye kernel, nikawasha. Écran nyeusi. Hata herufi moja. Pale mwanzo kernel haijui bado kuandika kwa écran, donc inakufa bila kusema inaumwa wapi. Nikapata akili: kernel ikimaliza kila hatua, machine ilie. Nikawasha tena. Pii. Pii. Pii. Kimya. Furaha gani! Inakufa hatua ya ine, pale inajenga table ya kuonyesha kila kitu kinakaa wapi ndani ya mémoire.

Kumbe Ramla amerudi. Akauliza toka jikoni nini inalia sawa kifaranga. Nikasema téléphone ya muteja. Uongo wa kwanza.

Mercredi 11
Nimeipata. Nilikuwa nakula lituma, ndizi za kuponda, nikaacha sahani. Machine ikiwaka inatoa ramani: mémoire hii ni yako, ile usiguse, ni ya écran. Kernel yangu haisomi ramani. Inaangalia tu mémoire inaishia wapi, na inajenga pale mwisho. Na pale mwisho njo parcelle, kiwanja ya écran. Nimejenga kwa parcelle ya wenyewe, wakabomoa.

Dawa ya kweli: kufundisha kernel kusoma ramani. Kazi ndefu. Dawa yangu: nikaandika kwa mukono ndani ya kernel pale écran inakaa kwa machine ya Ramla. Ruka hapa. Basi.

Ikawaka! Pii ya ine, ya tano, kisha maneno: ALFANI IKO HAPA. Nikacheza katikati ya ma-chaise. Tatizo ndogo: inawaka kwa machine ya Ramla, hakuna ingine duniani.

Vendredi 13
Donc machine ya Ramla lazima iende kwa Désiré. Na samedi njo wanafunzi wanakuja kuchapisha TFC zao, ile kazi ya kumaliza masomo. Nikamwambia Ramla nimesikia kesho courant ya umeme itakatika Makiso nzima. Afunge, aende kwa rafiki yake, apumuzike. Akasema siku hizi nimekuwa muzuri. Ile iliniuma. Hapana sana.

Samedi 14
Toleka mbili, baiskeli za kubeba watu: moja ya machine, moja yangu. Kwa Désiré watu walijaa mpaka inje. Nikatoa discours kidogo juu ya uvumilivu. Nikachomeka clé. Pii. Pii. Pii. Kimya.

Nikazima, nikawasha. Kimya ile ile. Désiré akauliza na heshima: papa, machine yako imekula nini?

Sauti nyuma yangu ikajibu: barrette. Ni Ramla, kwa mulango. Aliona taa zinawaka kila mahali, akarudi secrétariat, meza tupu, akauliza watu. Akaelezea wote polepole: jeudi alinunua barrette ya mémoire kwa Désiré huyu huyu, juu wanafunzi walilalamika machine inachelewa. Aliiweka yeye mwenyewe. Hakuniambia, ili nisipate sababu ya kuifungua.

Alors mémoire iliongezeka, mwisho ukasonga, parcelle ya écran ikasonga nayo. Kernel yangu iliruka pale pa zamani, ikaenda kujenga pale pale pa makosa.

Désiré hakucheka. Akasema: papa, soma tu ramani, machine inakupatia kila ikiwaka. Ramla akasema: miye vilevile nilimuonyesha pa kugusa na pa kutogusa. Kisha akamuomba Désiré mutu wa kubeba machine mpaka Mangobo.

Dimanche 15
Nyumba iko tupu, Ramla alifuata machine yake. Nimekula mukate mukavu. Nimetubu, kweli. Nimeelewa: mutu asidanganye bibi yake, na kernel isome ramani ya kila machine.

Donc asubui nikakaa chini na moyo safi, nikaandika kwa mukono parcelle mupya ya écran, na barrette mupya ndani ya hesabu. Mara hii itawaka, naisikia mwilini.

Mchana naenda Mangobo kuomba samahani. Nimevaa shati ya sikukuu ya Idi. Nitapiga magoti mbele ya Djuma, nitalia kama lazima. Kisha nitamuomba Ramla anipikie chai, ili atoke kidogo ndani ya chumba yenye machine. Clé iko ndani ya soksi.