Koti la Buluu na Albamu ya Babu Kimya

Ulimi Asali alikuwa akipita zake alipomwona fundi cherehani akicheza peke yake dukani, futi shingoni, mkasi mkononi.

"Kulikoni, dada yangu?"

"Babu Kimya anatoa albamu kesho! Yule wa gitaa kavu! Miaka yote hii tulidhani kaenda kufuga kuku!"

Ulimi Asali hakumjua Babu Kimya wala kuku wake. Alichokiona ni koti la buluu lililoning'inia nyuma ya fundi, na mate yakamtoka.

"Dunia ndogo," akanong'ona. "Mbeba gitaa lake ni mimi. Nipe koti lile, kesho asubuhi utaisikia albamu kabla ya ulimwengu mzima."

Fundi nusura azimie.

Sasa, utapeli nao una jasho lake. Ilibidi asikilize nyimbo za zamani za mzee, ili shemeji yake aziigize bafuni, naye amrekodi kwa simu. Wimbo wa kwanza alicheka. Wa pili akaurudia. Wa tatu akamfokea shemeji kwa kupumua kwa kelele.

Kesho yake fundi alisikiliza ule uigizaji kwenye simu, macho kafumba, machozi yakimtiririka. "Ndiye! Lo, ndiye!"

Ulimi Asali akavaa koti. Lilimkaa kama ngozi. Lakini roho haikutulia. "Hivi, dada... hiyo albamu inatoka saa ngapi?"

Fundi akafumbua jicho moja. Mbeba gitaa asiyejua saa? Na ndani ya wimbo, mbona ndoo inajaa maji?

"Si leo anaipiga yote stoo ya mwoka mikate, mtaa wa nyuma? Au hujaambiwa?"

"Nimeambiwa! Nilikuwa nakupima tu."

"Basi koti liache. Mzee buluu haipendi, unamjua mwenyewe."

"Haipendi kabisa!" Akalivua, akachomoka na fulana mbio mbio.

Stooni palikuwa na magunia ya unga, redio, na mwokaji akicheka mpaka kofia ikaanguka.

"Karibu, bwana mbeba gitaa! Mke wangu, yule fundi, kanipigia, kasema nikupe kiti."

Ulimi Asali akaelewa. Yeye, bingwa wa mji, kavuliwa koti mchana kweupe! Alifungua mdomo atukane, mara redioni mtangazaji akapaza sauti: "Albamu mpya, hii hapa!"

"Ebu shemeji, nyamaza," akamwambia mwokaji, akikaa juu ya gunia, mtu mzima mweupe kwa unga. "Ongeza sauti! Ongeza!"